Kompyuta ya mezani inashtuka mara moja kisha inanyamaza: nianzie wapi?

Mfasiri wa Usiku ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba msaada kuhusu kompyuta yangu ya mezani ambayo tangu jana asubuhi imekataa kuwaka. Ni mashine niliyoiunganisha mwenyewe miaka saba iliyopita kwa kufuata maelekezo, hivyo si mgeni wa kufungua kasha, lakini pia si fundi. Juzi usiku niliizima kwa njia ya kawaida baada ya kumaliza kazi. Haikutoa harufu ya kuungua, haikuganda, wala umeme haukukatika.

Nikibonyeza kitufe, feni zinashtuka na kuzunguka kama robo ya mzunguko, taa ya mbele inapepesa, kisha kila kitu kinanyamaza kabla hata sijaondoa kidole. Nikibonyeza tena, hakuna kinachotokea. Jambo linalonishangaza ni kwamba nikichomoa waya wa umeme ukutani, nikasubiri kama nusu dakika na kuuchomeka tena, ule mshtuko mmoja unarudi, halafu kimya. Muda wote huo taa ndogo ya kijani iliyo kwenye ubao mama, ule unaounganisha sehemu zote, inaendelea kuwaka bila kutetereka.

Nimejaribu soketi nyingine, nimebadilisha waya, nimechomoa RAM (vipande vya kumbukumbu) zote mbili, nikazifuta miguu kwa raba na kuzirudisha moja moja. Hali ni ileile. Jamaa mmoja anayetengeneza kompyuta, nilipomweleza kwa simu, aliniambia ubao mama umekufa na kwamba ni afadhali nitafute mashine nyingine. Simkatalii, ila nisingependa kuizika kabla ya kuhakikisha kwamba imekufa kweli. Multimita ya kawaida ninayo. Naomba mnisaidie mambo mawili: nianzie wapi, na je, kazi zangu zilizomo kwenye diski ziko salama?

---

Kasi Mpya amejibu:

Mkuu, kwa dalili hizo mimi ningebadilisha pawasaplai, kile kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta, bila kupoteza muda. Miaka saba ni mingi kwa kifaa kinachofanya kazi kila siku, na yangu ilikufa kwa namna inayofanana kabisa na hiyo: ilishtuka, ikanyamaza, basi. Ukiazima ya rafiki utapata jibu ndani ya muda mfupi, badala ya kuhangaika na vipimo.

---

Fundi Bisibisi amejibu:

Ndugu Mfasiri, nianze na swali lako la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Diski haihusiki na hatua hii, kwa sababu mashine inanyamaza kabla haijafika mahali pa kuitafuta. Ukibanwa na kazi, ichomoe uisome kwenye kompyuta nyingine, ilimradi uwe na ufunguo wake ikiwa uliifunga kwa usimbaji.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Katika maelezo yako yote, dalili yenye thamani zaidi ni ile nusu dakika ya kusubiri, na ili uone sababu inabidi tuufuate umeme hatua kwa hatua. Waya wa ukutani ukishachomekwa, pawasaplai hutoa volti 5 za akiba kupitia waya wa zambarau hata kama kompyuta imezimwa, na hizo ndizo zinazoiwasha taa yako ya kijani. Unapobonyeza kitufe unagusanisha pini mbili tu kwenye ubao mama. Ubao nao unaushusha waya wa kijani wa ile plagi kubwa ya pini 24 hadi volti sifuri, na hapo ndipo pawasaplai inapopandisha volti 12, volti 5 na volti 3.3. Zikishatulia, baada ya milisekunde kati ya 100 na 500, inapeleka ishara kupitia waya wa kijivu kuujulisha ubao kwamba umeme uko sawa. Prosesa haisomi chochote kabla ya ishara hiyo. Ikiwa nyaya zako zote ni nyeusi, kama ilivyo kwa pawasaplai nyingi za miaka hii, tafuta mchoro wa plagi hiyo: waya wa kijani ni pini ya 16, wa zambarau ni ya 9, na wa kijivu ni ya 8.

Mashine yako inafika kwenye hatua ya kupandisha volti, kisha pawasaplai inaghairi, na ikishaghairi inajifunga. Pawasaplai nyingi zikihisi shoti hujizima na kukataa amri yoyote mpya mpaka umeme wa ukutani uondolewe na kapasita zake, vile vifaa vidogo vinavyohifadhi chaji, ziishiwe chaji. Hiyo ndiyo nusu dakika yako. Kosa la RAM huwa na sura nyingine: kwa kawaida feni huendelea kuzunguka huku skrini ikiwa nyeusi na spika ikilia, au mashine hujizima na kujiwasha yenyewe tena na tena. Raba yako haikufanya kosa, ila ilikuwa inasugua mahali pasipo na uchafu.

Kwa hiyo yamebaki mawili. Ama pawasaplai inahisi shoti iliyopo kweli, ama imechoka na inahisi shoti isiyokuwepo. Ndugu Kasi Mpya anaweza kuwa sahihi, lakini ikiwa shoti ipo kweli, hata pawasaplai iliyotoka kwenye boksi leo itajifunga vilevile, nawe utabaki na pawasaplai mbili na kompyuta moja isiyowaka.

Anza na pawasaplai ikiwa peke yake. Chomoa waya wa ukutani, kisha chomoa plagi zake zote kutoka kwenye ubao, kadi ya video na diski unayoitegemea. Iachie mzigo mdogo, kwa mfano feni ya zamani au diski mbovu. Nyoosha klipu ya karatasi, iunganishe kati ya waya wa kijani na waya mweusi ulio jirani yake, halafu ndipo uchomeke ukutani. Ikiwaka, pima. Volti 12 zisipungue 11.4 wala kuzidi 12.6, volti 5 ziwe kati ya 4.75 na 5.25, volti 3.3 ziwe kati ya 3.14 na 3.46. Usiitegemee feni ya pawasaplai kama kipimo, kwa sababu nyingi za kisasa haziizungushi mpaka zipate joto. Na tafadhali usithubutu kuifungua pawasaplai yenyewe: pale ambapo umeme wa ukutani ni volti 230, kapasita kuu iliyo ndani hubeba volti zipatazo 325 au hata zaidi, na inaweza kubaki nazo hata baada ya waya kuchomolewa.

Ikifaulu hapo, utoe ubao mama kwenye kasha na uulaze juu ya katoni kavu. Usiulaze juu ya ule mfuko unaong'aa wa kuzuia umeme tuli, maana upande wake wa nje unaweza kupitisha umeme. Ubakize na prosesa pamoja na kipoza joto chake na feni, RAM moja, plagi ya pini 24, na ile plagi ya pini 4 au 8 ya prosesa iliyo karibu na kona ya juu. Usichomeke kitu kingine chochote. Kisha gusanisha zile pini mbili za kitufe kwa ncha ya bisibisi, sekunde moja inatosha, na utuletee habari.

---

Bi Saketi amejibu:

Naunga mkono utaratibu wa Fundi Bisibisi, ila naomba kuongeza tahadhari mbili na kupinga kidogo jambo moja.

Ukiamua kuazima pawasaplai, uiazime pamoja na nyaya zake. Zile za aina ambayo nyaya huchomolewa pande zote mbili hazina mpangilio mmoja wa pini upande wa pawasaplai, hata kama plagi zinaingia vizuri. Niliwahi kupokea mashine ambayo mwenyewe alibadilisha pawasaplai na kuacha nyaya za zamani ndani kwa sababu alikuwa amezifunga vizuri na hakutaka kuzifumua. Volti 12 zilikwenda mahali pa volti 5, na diski zake mbili zilikufa kwa pamoja, kimyakimya, bila hata moshi wa kuaga.

Tahadhari ya pili ni vile vinguzo vya shaba ambavyo ubao hufungwa juu yake ndani ya kasha. Kinguzo kimoja kikiwa mahali ambapo ubao hauna tundu, kinagusa lehemu za mgongoni na kuleta shoti. Kwa mashine iliyofanya kazi miaka saba sidhani kama ndilo kosa, lakini skrubu iliyolegea na kuangukia nyuma ya ubao ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Ukiutoa ubao, likung'ute kasha na usikilize.

Ninapopinga ni hapa: jaribio la klipu linathibitisha kwamba pawasaplai inaweza kuamka, halithibitishi kwamba inaweza kubeba mzigo. Kapasita zilizozeeka huonyesha volti nzuri mita ikiwa imetulia, halafu zikayumba pale prosesa inapovuta mkondo. Dalili yake ya kawaida, hata hivyo, ni mashine inayokataa asubuhi ikiwa baridi, ikawaka baada ya kubonyezwa mara nne au tano, na kadiri wiki zinavyopita ikahitaji kubonyezwa zaidi. Ndugu Mfasiri, je, yako ilikuwa na tabia hiyo? Na uziangalie kapasita za kwenye ubao. Zile za silinda zenye mkato wa msalaba juu zinapaswa kuwa bapa, na iliyovimba hata kidogo ina ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbao mama nyingi sana ziliharibika kwa kapasita za namna hiyo kuvimba, ingawa mashine ya umri wa yako yaelekea inatumia zile imara ambazo hazivimbi.

---

Mfasiri wa Usiku amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimechukua jioni nzima, na matokeo yamenichanganya zaidi.

Pawasaplai imewaka kwa klipu mara ya kwanza. Nilipima mara tatu na kupata 12.1, 5.08 na 3.34. Bi Saketi, hapana, mashine haikuwahi kusitasita hata siku moja kabla ya hapo. Kapasita zote ni bapa. Nimelikung'uta kasha, na kilichotoka ni vumbi.

Nikautoa ubao, nikaulaza juu ya katoni kama nilivyoelekezwa. Nakiri kwamba mkono ulinitetemeka nilipopeleka bisibisi kwenye zile pini. Ukawaka! Feni ya prosesa ilizunguka na kuendelea kuzunguka. Nilichomeka skrini kwenye tundu la ubao, nikaona maandishi yakilalamika kwamba hakuna diski. Niliuzima na kuuwasha mara sita, na haukukosea hata mara moja. Kisha nikaongeza RAM ya pili, kadi ya video na diski, kimoja kimoja, na kila mara ukawaka. Nikawa na hakika kwamba tatizo lilikuwa skrubu au vumbi na kwamba limekwisha. Nikarudisha kila kitu ndani ya kasha, nikafunga skrubu zote tisa, nikaunganisha nyaya zote, nikabonyeza kitufe.

Robo ya mzunguko, kisha kimya.

---

Kasi Mpya amejibu:

Basi mimi nakunja jamvi. Pawasaplai haina kosa.

---

Fundi Bisibisi amejibu:

Ndugu Mfasiri, usikate tamaa, kwa sababu umekwisha kuipata. Bado tu hujaiona. Ubao ni mzima, prosesa ni nzima, RAM zote mbili, kadi na diski ni vizima, na pawasaplai imebeba vyote hivyo juu ya katoni bila kunung'unika, jambo ambalo linajibu shaka ya Bi Saketi kuhusu mzigo. Kilichoongezeka uliporudi ndani ni vitu viwili tu: chuma cha kasha, na nyaya zinazotoka kwenye uso wa mbele wa kasha.

Usiutoe ubao tena. Chomoa umeme wa ukutani, kisha chomoa kwenye ubao nyaya zote za mbele: kitufe, taa, spika, sauti, na USB. Subiri dakika moja, chomeka umeme, na uwashe kwa bisibisi. Ikiwaka, rudisha waya mmoja mmoja, ukichomoa umeme wa ukutani kila mara kabla ya kugusa kitu. Usirukie ule unaoudhania, na usirudishe miwili kwa pamoja ili kuokoa muda. Anza na kitufe, kwani mtu hukisahau ilhali chenyewe nacho hukwama. Kitufe kilichobaki kimebonyea ndani huizima mashine baada ya takriban sekunde 4, kwa kuwa ubao hudhani umeshikilia kidole ili kuizima kwa nguvu. Yako inanyamaza mapema kuliko hivyo, lakini hatupotezi kitu kwa kukijaribu.

Nikilazimishwa kutaja mshukiwa, ningesema USB. Tundu la USB ndilo pekee kwenye uso wa mbele linalobeba volti 5 zenye mkondo wa maana. Na kwa kuwa taa yako ya kijani haizimiki hata pawasaplai inapojifunga, volti 5 za akiba ziko salama; shoti, kama ipo huko, iko kwenye zile volti 5 za kawaida ambazo huja tu baada ya kitufe kubonyezwa.

---

Mfasiri wa Usiku amejibu:

Nimempata.

Nilichomoa nyaya zote za mbele, nikawasha kwa bisibisi, mashine ikawaka ikiwa ndani ya kasha. Nikarudisha kitufe, ikawaka. Taa, ikawaka. Sauti, ikawaka. Zipo plagi mbili za USB: moja ndogo yenye pini tisa, na nyingine pana ya bluu. Ile ya pini tisa haikuwa na neno. Nilipochomeka ile ya bluu, robo ya mzunguko, kimya.

Nikachukua tochi na kioo cha kukuzia, nikachungulia matundu mawili ya bluu yaliyo mbele. La kulia liko sawa: kuna ulimi wa plastiki katikati, na juu yake vijipini vinne vya rangi ya dhahabu vimelala sambamba. La kushoto, ulimi umepasuka kwenye kona na kuinuka upande mmoja, na kile kijipini cha pembeni kabisa kimetoka kwenye mfereji wake, kikajikunja kama kucha, na ncha yake imelala juu ya ukuta wa chuma wa tundu. Niliweka mita upande wa ohmu, ncha moja kwenye kijipini na nyingine kwenye chuma, ikasoma 0.4. Kwenye tundu la kulia, lililo zima, hakuna mguso wowote.

Sasa nimekumbuka. Juzi usiku, baada ya kuzima, nilitaka kuichomeka flashi ili asubuhi niikute tayari. Chumba kilikuwa na giza, nikaiingiza kichwa chini miguu juu, ikakataa, nikasukuma. Nilisikia mlio mdogo, nikaigeuza, nikaona bado haiingii vizuri, nikaamua kuiacha mpaka asubuhi. Katika maelezo yangu ya mwanzo niliandika kwamba niliizima kwa njia ya kawaida, na kweli niliizima hivyo. Sikufikiri kwamba kilichofuata baada ya kuzima kilikuwa na umuhimu wowote.

Fundi, naomba nikuulize jambo moja. Nimesoma kwamba mbao mama huwa na fyuzi za kulinda matundu ya USB. Kwa nini yangu haikunilinda?

---

Fundi Bisibisi amejibu:

Hongera sana. Hicho kijipini cha pembeni ndicho chenye volti 5, na chuma cha tundu kimeunganishwa na kasha zima, ambalo ni volti sifuri, kwa hiyo hiyo 0.4 uliyosoma ni shoti kamili.

Kuhusu fyuzi, yaelekea unayo, na haijaharibika. Fyuzi nyingi za matundu hayo ni za aina inayojirudisha: mkondo ukizidi inapata joto, na joto hilo ndilo linaloongeza ukinzani wake hadi mkondo unakatika, kisha ikipoa inarudi kama ilivyokuwa. Ubaya wake ni kwamba inahitaji muda kupata joto. Pawasaplai haihitaji joto. Inahisi volti 5 zinaporomoka papo hapo na kujifunga kabla fyuzi haijaanza kuamka. Fyuzi ingekulinda vizuri zaidi kama flashi ingevunja tundu wakati mashine inafanya kazi, na hata hapo huenda ungeona tu onyo la mkondo kuzidi kwenye skrini.

Usijaribu kukinyoosha hicho kijipini kwa sindano na kuliamini tundu tena. Kitakaa vizuri leo, na mara ya kumi ya kuchomeka flashi kitainuka, safari hiyo kikiwa na diski ya mtu mwingine mbele yake. Acha plagi ya bluu ikining'inia, uifunge ncha yake kwa utepe wa umeme isiguse ubao, na utumie matundu ya nyuma mpaka utakapobadilisha kile kipande cha mbele, ambacho katika makasha mengi hufungwa kwa skrubu mbili tu.

---

Bi Saketi amejibu:

Na ulibandike tundu hilo la kushoto kipande cha utepe kwa mbele pia, Ndugu Mfasiri. Waya wake hauna umeme tena, lakini chumba chako bado kina giza.

---

Mfasiri wa Usiku amejibu:

Nimebandika utepe mwekundu, na matundu yote mawili ya mbele nimeyafunga kwa kuwa yanatumia plagi moja. Ujumbe huu nauandikia kwenye mashine hiyohiyo. Saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa, nadhani kwa sababu betri ya ubao ilikuwa imechoka na mimi nikauacha ubao bila umeme usiku kucha. Nitanunua ile ya duara, CR2032. Faili zote zipo.

Yule jamaa wa simu nimemtumia picha ya kijipini.